Barua yenye asilimia 100: ni haki zipi zinafika Nairobi?

Wengi waliotuandikia safari hii wana mtu nyumbani aliyetumikia jeshi akarudi na ulemavu. Wengi walikuwa jeshi la Marekani, mmoja jeshi la Uingereza, mwingine KDF, yaani jeshi la Kenya. Tumeanza na Marekani kwa kuwa huko haki ni nyingi na kila moja ina fomu yake. Asiyejaza, halipwi, hata kama jina lake limo kwenye kompyuta yao. Viwango vya dola tulivyotaja ni vya mwaka 2025. Huongezwa kila Desemba kufuatana na gharama ya maisha.

Kaka yangu alitumikia jeshi la Marekani miaka tisa, akapewa ulemavu wa asilimia 100. Sasa amerudi nyumbani. Marafiki zake wanamwambia akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita pesa zitakatwa. Ni kweli? Na ni haki gani amekuja nazo, zipi ameziacha huko?
*Msomaji, Donholm*

Si kweli, na kaka yako asikose usingizi kwa hilo. Fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi humfuata mwenyewe popote anapoishi, iwe Texas au Donholm, kwa kiwango kilekile. Mwaka 2025 mwenye asilimia 100 asiye na mtegemezi alilipwa dola 3,831.30 kwa mwezi. Mwenye mke au mume, dola 4,044.91. Serikali ya Marekani haitozi kodi fedha hizo. Kuna msaada mwingine wa huko kwa wasiojiweza, unaoitwa SSI, ambao kweli husimama mtu akikaa nje ya nchi siku 30 mfululizo. Huo ni mfuko tofauti kabisa, na watu huvichanganya.

Kinachowaponza waliorudi nyumbani ni anwani. Idara ya Maveterani, ambayo wengi huiita VA, ikitaka kumchunguza mtu upya humwandikia barua. Barua ikienda kwenye nyumba aliyohama, naye asitokee siku ya miadi, asilimia yake inaweza kupunguzwa. Wiki ya kwanza akiwa hapa abadilishe anwani kwenye akaunti yake ya VA.gov, aweke nambari ya simu ya Kenya na barua pepe anayoifungua kila siku. Akaunti ya benki ya Marekani asiifunge, maana ndiyo njia nyepesi ya kupokea malipo. Akihama benki, ile ya zamani ibaki wazi mpaka malipo ya kwanza yaingie kwenye mpya. Mafaili ya wanaoishi Kenya hushughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh.

Kisha aichukue barua ya uamuzi, ile ya Idara iliyompa asilimia hiyo, aisome mstari kwa mstari. Asilimia 100 haziko sawa zote. Kuna 100 ambayo Idara inatarajia kuichunguza tena baada ya muda, na kuna 100 iliyo kamili na ya kudumu. Barua ya hii ya pili husema hakuna uchunguzi mwingine uliopangwa, na hutaja haki ya masomo ya wategemezi iitwayo Chapter 35. Akiwa bado ana shaka, apakue VA.gov barua ya muhtasari wa haki zake: mstari mmoja humo hujibu kwa ndiyo au hapana kama anahesabiwa mwenye ulemavu kamili na wa kudumu. Jibu likiwa ndiyo, amefungua mlango wa bima ya mke na watoto, wa masomo yao, na wa kufutiwa mkopo wa serikali ya Marekani aliousomea. Mkopo huo unafutwa hata akiwa anaishi hapa.

Vilivyobaki huko ni hivi. Matibabu ya bure ya kila ugonjwa, yanayotolewa katika hospitali za Idara yenyewe. Udhamini wa mkopo wa nyumba, kwa sababu nyumba lazima iwe Marekani au katika maeneo yake. Haununui ploti Kitengela. Msamaha wa kodi ya nyumba wa majimbo, na hapa tunaomba asikilize vizuri: Texas, kwa mfano, humsamehe mwenye asilimia 100 kodi yote ya nyumba, lakini ni nyumba anayoishi kama makao yake. Akihamia Nairobi moja kwa moja na kuipangisha bila kuwaarifu, siku moja atadaiwa kodi ya miaka ya nyuma kwa pamoja. Na ile nafasi ya kupanda ndege za jeshi zenye viti vitupu: kwa mwenye ulemavu kamili wa kudumu ni safari za ndani ya Marekani na maeneo yake. Haimfikishi JKIA.

Mume wangu ana asilimia 100 kwa ajili ya mgongo, goti na msongo wa mawazo uliotokana na vita. Mwaka jana alilazwa kwa nimonia, kisha akafanyiwa tiba ya mgongo. Tulilipa wenyewe, tukatuma risiti zote Marekani. Nimonia wamekataa kabisa, na za mgongo wanasema hazijakamilika. Si ana asilimia 100? Na je, mimi na watoto tuna bima yoyote?
*Mama wa watatu, Ruaka*

Pole sana, Mama. Swali lako ndilo linalowaumiza wengi, kwa sababu neno "asilimia 100" linasikika kama "wanalipa kila kitu". Ndani ya Marekani iko hivyo. Nje ya Marekani kuna mpango mmoja tu, Foreign Medical Program, nao hulipia magonjwa na majeraha yale tu yaliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi kwamba yametokana na utumishi, pamoja na tatizo linaloyazidisha hayo. Mgongo umo, goti limo, msongo umo. Nimonia haimo, hata angekuwa na asilimia 100 mara mbili. Hiyo waliyokataa hamtaishinda, msipoteze nauli ya posta.

Za mgongo zinaokoleka. Kwanza hakikisheni amejisajili kwa fomu 10-7959f-1. Akisajiliwa hutumiwa barua inayoorodhesha magonjwa yake yanayolipiwa. Ifanyieni nakala, moja ikae kwenye mkoba wa hospitali. Kila dai huenda na fomu yake, 10-7959f-2, na lazima liwafikie ndani ya miaka miwili tangu siku ya matibabu. Mna muda.

Kosa kubwa la madai yanayotoka Nairobi ni karatasi. Risiti ya chemisti iliyoandikwa "dawa, 4,500" haina thamani kule. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zimetoka. Hauonyeshi zimelipia nini. Hata risiti ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, yenye msimbo wake huonyesha kodi, sio ugonjwa. Wanachohitaji ni ankara ya hospitali yenye jina la mgonjwa, jina na anwani ya hospitali au daktari, tarehe ya kila huduma, ugonjwa kwa maneno, na bei ya kila kipengele peke yake: kumwona daktari kiasi fulani, eksirei kiasi fulani, kila kikao cha fiziotherapia kiasi fulani. Kwa dawa, waandike jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, idadi ya vidonge, na ni ya ugonjwa gani. Kisha ithibitishwe kwamba mmelipa; hapo ndipo ile M-Pesa inafaa, ikiambatana na ankara. Jambo moja huwashtua watu: dawa ambayo haijaidhinishwa Marekani hailipiwi, hata kama ni ya kawaida katika kila chemisti cha River Road. Daktari aulizwe mapema kama ipo mbadala.

Daktari naye atumie lugha ya barua. Kama barua inasema "mkazo wa uti wa mgongo sehemu ya kiuno", halafu ankara inasema "maumivu ya mwili", karani wa mpango huo kule Denver hataunganisha. Mpe daktari ile barua aisome kabla hajaandika. Si kumwomba aseme uongo. Ni kumwomba ataje mgongo kuwa mgongo.

Sasa wewe na watoto. Ikiwa barua yake inasema kamili na ya kudumu, mna haki ya CHAMPVA, bima ya Idara kwa familia, na hiyo hufanya kazi hata nje ya Marekani na hulipia magonjwa ya kawaida, nimonia ikiwemo. Ndiyo ajabu yenyewe: hapa Nairobi bima ya mke wa mwenye ulemavu inaweza kuwa pana kuliko ya mwenyewe. Mnaomba kwa fomu 10-10d, mkiambatisha cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua yake. Kama mna bima nyingine yoyote, itajeni kwenye fomu 10-7959c, kwa kuwa CHAMPVA hulipa baada ya ile nyingine. Kila mwaka mtu mmoja hujilipia dola 50 za kwanza, au familia yote dola 100. Baada ya hapo nyinyi hulipa asilimia 25 ya kiwango kinachokubaliwa, wao 75. Sehemu yenu kwa mwaka ikifika dola 3,000, hamlipi zaidi. Watoto hubaki humo mpaka miaka 18, au 23 wakiwa wanafunzi wa muda wote. Hapa hospitali nyingi zitawataka mlipe kwanza, kisha mdai kwa fomu 10-7959a, na muda ni mwaka mmoja, sio miwili kama kwa mume wako. Andikeni tarehe hizo ukutani.

Na mume wako asikae bila kinga kwa nimonia nyingine. Akiwa raia wa Kenya ajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#. Asiyeajiriwa hulipa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa kwa mwaka.

Nina asilimia 70 ya msongo wa vita na 40 ya mgongo. Kwa hesabu yangu ni 110, lakini nalipwa 80. Kazi nimeshindwa kabisa tangu 2022. Wamenipunja?
*Kasarani*

Hawajakupunja, bwana, ila kuna mlango ambao hujaubisha.

Hesabu yao haijumlishi. Wanaanza na mtu mzima wa 100. Ulemavu wa 70 ukitoka, anabaki 30. Ile 40 inachukuliwa kwenye hicho kilichobaki: asilimia 40 ya 30 ni 12. Sabini na 12 ni 82, na 82 hukaribishwa kwenye kumi iliyo karibu, yaani 80. Ndiyo maana kupanda kutoka 80 hadi 100 ni kama kupanda Ngong kwa baiskeli: lazima hesabu ifike 95. Ukiongezewa jeraha la asilimia 20 leo, utafika 86, ulipwe 90.

Mlango wenyewe unaitwa TDIU. Ni malipo ya kiwango cha 100 kwa mtu ambaye majeraha yake ya jeshi yamemzuia kushika kazi ya kumtunza, ingawa hesabu haijafika 100. Sharti ni uwe na ulemavu mmoja wa asilimia 60 au zaidi, au jumla ya 70 ambamo mmoja ni 40 au zaidi. Wewe umepita kwa njia zote mbili. Fomu ni 21-8940. Mwajiri wako wa mwisho ajaze 21-4192 aeleze ulifanya nini, lini uliacha, na kwa nini.

Madai haya hukwama pale mtu anapoandika "siwezi kufanya kazi" akaishia hapo. Daktari wako wa hapa aeleze kazi gani na kwa nini: hawezi kuketi zaidi ya dakika 20, hawezi kustahimili makelele au watu wengi, usiku halali hivyo mchana hawezi kushika maelekezo. Maneno "ni mgonjwa sana" hayamsaidii mtu. Asitaje umri wako wala ugonjwa usio wa jeshi kuwa sababu, kwa kuwa hayo hayahesabiwi. Kibarua kidogo hakikuharibii, mradi mapato ya mwaka yawe chini ya kile wanachokiita kiwango cha umaskini cha mtu mmoja.

Kabla hujaanza kukusanya makaratasi, tuma fomu 21-0966 leo. Hiyo hushikilia tarehe yako kwa mwaka mzima. Ukishinda, malipo yanaweza kurudi nyuma mpaka siku hiyo. Kila mwezi unaochelewa kuituma ni pesa zilizopotea. Wakikataa, una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua: ushahidi mpya unakwenda na fomu 20-0995, kama ushahidi ni uleule lakini unaona walikosea, 20-0996.

Nimeoa kwa mila, mahari ikalipwa, lakini hatuna cheti. Pia namtunza mama yangu mzazi, na binti yangu yuko chuo kikuu hapa Nairobi. Nina asilimia 100 ya kudumu. Naweza kuwaandikisha wote?
*Lang'ata*

Unaweza, ila anza na ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe, na usajili unafanywa kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, Harambee Avenue, kwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Idara huangalia kama ndoa ni halali mahali mlipoishi, na cheti cha Kenya humaliza mjadala. Ukishakipata, jaza fomu 21-686c. Ukiituma ndani ya mwaka mmoja wa ndoa, malipo huanzia tarehe ya ndoa. Ukichelewa, huanzia siku waliyopokea fomu. Kwa wenye wake wawili: Idara humtambua mmoja tu. Na mkiachana, waarifu mara moja, kwa maana wao hukata deni lote kwenye malipo yako yajayo.

Mama yako ni haki ambayo watu wengi wa kwetu hawaijui kabisa. Mzazi anayekutegemea huongezwa kwenye malipo yako kwa fomu 21P-509. Wataangalia kipato na mali yake, na mzazi wa kijijini asiye na pensheni mara nyingi hupita. Weka kumbukumbu za unachomtumia kila mwezi. Taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima hapa inafaa sana.

Binti yako ana njia mbili, achague moja. Ya kwanza, abaki mtegemezi wako kwa fomu 21-674 mpaka atimize miaka 23. Ya pili, aombe Chapter 35 kwa fomu 22-5490 na alipwe mwenyewe, zaidi ya dola 1,500 kwa mwezi akisoma muda wote, hadi miezi 36. Haruhusiwi kuchukua zote mbili, na akishaanza Chapter 35 wewe huondolewa nyongeza yake. Kwa karibu kila familia Chapter 35 ina faida kubwa zaidi, kwa sharti moja: chuo, na kozi yenyewe, viwe vimekubaliwa na Idara. Atafute jina la chuo kwenye chombo cha kulinganisha vyuo cha VA.gov kabla ya kulipa karo ya muhula. Chuo kisichokuwemo kinaweza kuomba kukubaliwa, lakini hiyo ni safari ya miezi.

Kuna mtu mtandaoni anayesema atanipandisha hadi 100 nikimpa malipo ya miezi sita ya kwanza. Nimkubalie?
*Kayole*

Usimkubalie. Sheria ya Marekani inakataza mtu yeyote kutoza ada kuandaa dai la mara ya kwanza. Ada inaruhusiwa tu baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na kwa wakili au wakala aliyeidhinishwa na Idara. Asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ya haki, zaidi ya theluthi moja huhesabiwa kuwa ya kupita kiasi. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion hukuandalia bure, hata ukiwa Kayole, kwa simu na mtandao. Na usimpe mtu nywila ya VA.gov. Aliye nayo anaweza kubadilisha akaunti ya benki usiku mmoja.

Mimi nilikuwa KDF. Nilipoteza mguu chini ya goti kazini nikastaafishwa kwa sababu ya afya. Pensheni napata. Naambiwa kuna WIBA, kuna kadi ya walemavu, kuna gari bila ushuru. Nianzie wapi?
*Kahawa West*

WIBA iache. Sheria hiyo ya 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini, inahusu wafanyakazi wote, hata wa serikali, lakini imewatoa wanajeshi kwa jina. Fidia yako inapitia sheria na kanuni za jeshi lenyewe, na msingi wake ni matokeo ya bodi ya madaktari iliyokustaafisha. Ikiwa huna nakala ya ripoti hiyo, iombe kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Zikipita kimya, nenda Tume ya Haki ya Utawala, West End Towers, Waiyaki Way. Ripoti ikionyesha mguu haukuhesabiwa sawasawa, wahi. Kesi ya madhara dhidi ya serikali ina miezi 12 tu, na wengi hufika kwa wakili mwaka wa pili au wa tatu. Malipo ya pensheni yenyewe yakikwama, mahali pake ni Idara ya Pensheni, Bima House, Harambee Avenue.

Halafu elewa kwamba ulemavu unaotambuliwa na jeshi hautambuliki moja kwa moja uraiani. Unahitaji kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, na uchunguzi wake ni mwingine. Unaomba kwenye eCitizen, unapimwa katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kufanya tathmini hiyo, na ripoti ikipitishwa kadi inatolewa. Nenda na kitambulisho, ripoti ya bodi ya jeshi na barua ya daktari aliyekukata mguu. Usiende umevaa mguu wa bandia ukatembea vizuri bila kusema neno: mwonyeshe daktari kisiki, umweleze kina vidonda mara ngapi, na unatembea umbali gani kabla hujasimama.

Kadi ikishatoka, ya kwanza ni kodi. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa anasamehewa kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi, na zaidi ya hapo hadi shilingi 50,000 kwa mwezi za gharama za matunzo zinazotokana na ulemavu. Cheti huombwa KRA kupitia iTax, na wanaokataliwa mara nyingi ni wale ambao hawajawasilisha ritani. Hata ukisamehewa, ritani ni lazima kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Ukisahau, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ipi iliyo kubwa. Cheti kina tarehe ya mwisho, kwa hiyo anza kukihuisha miezi kadhaa mapema. Ukiwa na biashara au kazi nyingine nje ya pensheni, hapo ndipo utakapoona faida yake.

Gari ndilo linalovuta wengi, na ndilo linalowaliza. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu gari moja, lililotengenezwa au kurekebishwa kwa matumizi ya mwenye ulemavu, mara moja kila miaka minne. Fuata mpangilio: kwanza barua ya NCPWD, kisha maombi KRA, usubiri kibali, ndipo uagize. Wanaoagiza kwanza hukuta gari limefika Mombasa, kibali hakijatoka, na ada za kuhifadhi zinapanda kila siku mpaka zinameza ule ushuru waliotaka kuukwepa. Gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Kwa aliyepoteza mguu wa kulia, gari la kawaida la gia za kujiendesha halitoshi. Kanyagio la mafuta lihamishiwe kushoto, na urekebishaji huo uonekane kwenye hati za gari. Na usimkodishie mtu jina lako alete gari lake. Likikamatwa au kuuzwa, kodi yote inadaiwa kwako, na nafasi yako ya miaka minne imekwisha.

Kwa mguu wenyewe, Hazina ya Taifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, iliyo chini ya NCPWD, hutoa vifaa vya kujimudu kwa maombi. APDK, ambao wamefanya kazi hii tangu 1958, hutengeneza viti vya magurudumu vinavyohimili barabara zetu. Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi, usiihesabu. Ni ya wenye ulemavu mkali wasio na kipato, na mwenye pensheni hapiti. Mwisho, hakikisha jina lako limo katika mambo mawili: bima ya DEFMIS ya wanajeshi wastaafu, na DEFOCA, chama cha wanajeshi wa zamani. Kuna Sheria ya Wanajeshi wa Zamani ya 2022, na utekelezaji wake utawafikia kwanza waliomo kwenye orodha.

Kijana wangu aliumia akiwa jeshi la Uingereza mwaka 2019 akatolewa 2021. Hajadai chochote. Amechelewa?
*Mzee, Mwiki*

Mzee, mfanye haraka. Walioumia kuanzia tarehe 6 Aprili 2005 wako chini ya AFCS, mpango wa fidia wa jeshi hilo, na muda wake wa kawaida ni miaka saba tangu kuumia. Kwa jeraha la 2019, mwaka wa saba ni 2026. Ziko njia za kuongezewa muda, kwa mfano aliyekuwa mgonjwa sana asiweze kudai, au ugonjwa uliojitokeza baadaye, lakini asizitegemee. Malipo ni ya mkupuo kwa viwango 15, cha juu kikiwa pauni 650,000, na kuanzia kiwango cha 1 hadi cha 11 kuna pia malipo ya kila mwezi maisha yake yote, yasiyotozwa kodi huko. Kukaa Mwiki hakumzuii kudai. Walioumia kabla ya tarehe hiyo ya 2005 wana mpango wa zamani, War Pension, ambao hauna kikomo cha muda. Wenye baba wa kizazi hicho nao waulize.

Mume wangu, aliyekuwa jeshi la Marekani, alifariki Februari tukamzika kwao. Alikuwa na asilimia 100 kwa miaka 12. Alifia nyumbani. Benki bado inaonyesha malipo yaliingia mwezi uliofuata. Nifanye nini?
*Mjane, Umoja*

Pole kwa msiba, Mama. Pesa zilizoingia baada ya kifo usiziguse hata kidogo. Waarifu Idara, maana zitarudishwa, na ukizitumia zitakuwa deni. Ila malipo ya mwezi wenyewe aliofariki ni haki yako kama mjane, yadai.

Haki yako kubwa inaitwa DIC, dola 1,653.07 kwa mwezi kwa mwaka 2025, kwa fomu 21P-534EZ. Hulipwa mume akifa kwa ugonjwa uliotokana na utumishi, au, hata akifa kwa sababu nyingine kabisa, ikiwa alikuwa na ulemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kifo. Wewe una miaka 12, kwa hiyo sababu ya kifo haikuzuii. Lazima ndoa iwe ilidumu mwaka mmoja au zaidi, au mwe mlizaa mtoto. Fomu ikifika ndani ya mwaka mmoja wa kifo, malipo huhesabiwa kuanzia mwezi aliofariki. Ukichelewa, huanzia siku ya kuomba. CHAMPVA yako inaendelea.

Wajane ambao waume zao hawakufikisha miaka 10 wawe waangalifu na cheti cha kifo. Aliyefia nyumbani hujaziwa taarifa na naibu wa chifu kufuatana na maelezo ya familia, na mara nyingi huandikwa "moyo kusimama". Kila anayekufa moyo husimama. Hiyo haionyeshi kitu. Mtafuteni daktari aliyekuwa akimtibu aandike ni ugonjwa gani uliomfikisha hapo, na kama ule wa jeshi ulichangia, aseme umechangia vipi. Barua hiyo iende pamoja na cheti.

Kwa kaburi, Idara hutoa jiwe au bamba la kumbukumbu bila malipo, kwa fomu 40-1330, kwa makaburi ya popote duniani. Vyeti vyote, cha kifo na cha ndoa, tuma nakala zilizothibitishwa. Za asili zibaki nawe Umoja.